Nani Anakula Hasara ya Jaribio?

Ukitaka kujua kama kitu kinafanya kazi, lazima kuwe na mahali ambapo hukukifanya. Darasani kanuni hii inasikika rahisi. Upande mmoja wa shamba unapanda soya halafu mahindi. Upande wa pili unaendelea na mahindi juu ya mahindi kama ulivyozoea. Mwishoni unapima. Bila ule upande wa pili hujui lolote: labda mvua ilikuwa nzuri mwaka huo, labda ni mbegu, labda ni bahati tu.

Sasa ipeleke kanuni hiyo kwa mtu mwenye nusu ekari na watoto wanne wa kulisha. Kwake ule upande wa pili, ule wa kulinganisha, ni ugali wa mwezi wa tano, wakati ghala limebaki vumbi na mahindi ya shambani bado hayajabeba. Kila mstari unaoachwa udhoofike ili jibu lipatikane ni chakula ambacho mtu fulani hatakula.

Kwa hivyo swali langu ni hili: nani anakula hasara ya jaribio? Na yule asiyeila ana haki gani juu ya jibu?

Najua, pengine unasoma hii ndani ya mathree ya kwenda Rongai na udongo wa karibu nawe ni ule ulioganda kwenye viatu. Vumilia kidogo. Unga ulionunua wiki hii ulitoka kwenye udongo wa mtu, na kuna uwezekano mkubwa kwamba udongo huo umechoka. Mei 2024 viongozi wa Afrika walikutana hapa Nairobi, KICC, kuzungumzia mbolea na afya ya udongo. Sisi tulichokumbuka zaidi ni barabara kufungwa.

Kwetu ni Vihiga, mojawapo ya kaunti za mashambani zenye watu wengi waliobanana zaidi nchini. Ploti zimegawanywa kutoka baba hadi mwana mpaka nyingine zinatosha nyumba, migomba michache na kamba ya kuanika nguo. Hakuna anayepumzisha shamba. Mahindi na maharagwe yanapandwa mvua ndefu, yanarudiwa mvua fupi, mwaka nenda mwaka rudi. Udongo mwingi wa Magharibi una asidi na uhaba wa fosforasi, na mbolea kama DAP ikitumiwa miaka mingi bila chokaa huuongezea asidi hiyo. Juu ya hayo kuna striga, ile Wajaluo wanaiita kayongo. Ina ua dogo la zambarau, zuri hata ukilitazama. Lakini huko chini mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya kabla haijachomoza juu ya ardhi. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, na mbegu hizo zinaweza kulala ardhini miaka kumi zikingoja mahindi yapandwe tena.

Hapo ndipo kubadilisha mazao kunapoingia. Soya, kama mimea mingi ya jamii ya kunde, ina vifundo kwenye mizizi ambavyo vinahifadhi bakteria wa kushika nitrojeni kutoka hewani. Tena mizizi ya baadhi ya aina za soya hutoa kemikali inayoiamsha mbegu ya striga. Mbegu inaamka, inatafuta mahindi, haiyapati, inakufa. Ni kama mwizi aliyepigiwa simu aje haraka, akafika akakuta nyumba tupu.

Hiyo ni nadharia ya vitabuni. Shangazi yangu, ambaye sisi tunamwita Senje, alikuwa na yake kabla afisa yeyote wa kilimo hajapiga hodi. Aliona kwamba pale alipowahi kupanda soya kidogo alizopewa na mwenzake wa kanisani, mahindi ya msimu uliofuata yalikuwa na kijani tofauti. Hakumwambia mtu. Alihesabu hatua kumi kwa kumi, akachomeka vijiti vinne, akapima kipande kingine kama hicho kando yake. Kimoja kingepata soya mvua fupi kisha mahindi mvua ndefu. Kingine kingepata mahindi misimu yote. Samadi angeweka sawa, ndoo kwa ndoo.

Nilimuuliza kwa nini hakupanda hizo soya karibu na jikoni, ambako hata kumwagia maji ni rahisi. Alinicheka.

"Mwanangu, karibu na jikoni hata jiwe linaota. Majivu na maganda yote yanamwagwa huko. Nikipanda huko nitakuwa najidanganya mwenyewe."

Tatizo hilo la jikoni lina historia ndefu. Mwanatakwimu R. A. Fisher alianza kazi mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na sehemu kubwa ya alichokijenga pale ilitokana na ukweli kwamba hakuna shamba lililo sawa kutoka pembe hadi pembe. Mtu akijichagulia mahali pa kuweka anachokipenda, atakiweka palipo na rutuba, hata bila kujua. Dawa ya Fisher ilikuwa kura: acha bahati ichague kipande kipi kipate nini, kisha rudia mahali pengi. Mwaka 1935 alichapisha kitabu kizima kuhusu kupanga majaribio.

Sitaki tuteleze kwenye ile hadithi tamu ya ati wazee wetu walijua yote. Fisher angemwambia Senje kwamba vipande viwili havitoshi, kwamba kimoja kinaweza kuwa bora kwa sababu ya kichuguu kilichobomolewa miaka hamsini iliyopita. Angekuwa sahihi. Lakini wote wawili wanaogopa kitu kimoja, yaani kujidanganya, na hofu hiyo ndiyo ninayoiita maadili ya jaribio. Tofauti yao iko kwenye nani analipia.

Rothamsted penyewe ni mfano mzuri. Mwenye shamba lile, John Bennet Lawes, alipata hataza ya mbolea ya superfosfeti mwaka 1842. Mwaka uliofuata, yeye na mwanakemia Joseph Henry Gilbert walianzisha jaribio la ngano kwenye shamba liitwalo Broadbalk, na linaendelea hadi leo. Ndani yake kuna ukanda ambao tangu 1843 haujapewa mbolea wala samadi. Unatoa takriban tani moja ya ngano kwa hekta, mavuno ambayo mkulima wa Uingereza wa leo angeyaonea haya. Bila ukanda huo tusingejua mengi tunayoyajua kuhusu jinsi udongo unavyochoka na mahali unapofikia ukomo wa kuchoka.

Lakini nani alikula hasara ya ukanda ule? Lawes alikuwa na ardhi na kiwanda cha mbolea. Ngano iliyokosekana pale haikumlaza mtoto wake njaa hata usiku mmoja. Aliweza kumudu kuacha kipande kishindwe, na kwa sababu alimudu, swali lilikuwa lake na jibu lilikuwa lake kabla halijawa letu. Kwa muda mrefu maarifa ya kilimo yalikuwa mali ya watu wenye uwezo wa kupoteza.

Kuna namna nyingine ya kulikwepa swali la hasara: usijaribu kabisa, lazimisha. Wakenya tunaijua vizuri. Mwaka 1938 Wakamba wa Machakos walifika hadi Nairobi, Muindi Mbingu akiwa miongoni mwa viongozi wao, kupinga kupunguziwa mifugo kwa nguvu. Amri ile ilitolewa kwa jina la kuokoa udongo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikawa zamu ya Murang'a. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, machifu wakisimamia, na wachimbaji wengi walikuwa wanawake. Mwaka 1947 kazi ilisusiwa. Mwaka 1948 wanawake wenyewe walikataa waziwazi.

Kinachonisumbua katika historia hii ni kwamba kuhusu mmomonyoko wenyewe maafisa wale hawakuwa wakidanganya. Udongo ulikuwa unaenda kweli, mvua baada ya mvua. Walichokinyamazia ni ardhi iliyochukuliwa na walowezi, ambayo ndiyo iliyowabana watu kwenye miteremko ile. Walikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo wakaigeuza kiboko.

Na baadaye? Ukambani, watu walijenga matuta kwa wingi kupitia vikundi vya mwethya, wakipendelea yale yanayochimbwa kwa kutupa udongo upande wa juu wa mteremko. Yanaitwa fanya juu. Jina hilo la Kiswahili limeingia kwenye vitabu vya uhandisi wa udongo mbali na hapa, likiandikwa vilevile. Jamii iliyoandamana dhidi ya amri ilichimba yenyewe ilipokuwa na sababu zake, soko lake na uhuru wa kuchagua aina ya tuta. Kumbe kuwa sahihi hakumpi mtu haki ya kuamuru. Jibu ulilolazimishwa halikufunzi kitu, linakupa kibarua tu.

Ndiyo maana majaribio yanayoongozwa na wakulima yana uzito wa kimaadili, mbali na ule wa kilimo. Malawi, miaka ya 1990, mtafiti Sieglinde Snapp na wenzake walianza kutumia mpango wa jaribio mama na majaribio watoto. Jaribio mama liko mahali pamoja kijijini, linasimamiwa na watafiti na lina chaguo zote. Watoto wametawanyika kwenye mashamba ya watu, na kila mkulima huchukua chaguo chache anazozitaka, kwa mfano mbaazi na karanga, akazilinganisha na desturi yake. Mama anakupa hesabu. Watoto wanakuonyesha kama kitu hicho kinaishi nje ya uzio wa watafiti, palipo na mbuzi, na msiba wa jirani, na palizi iliyochelewa.

Hapa kwetu kuna vuta-sukuma, iliyotengenezwa na watafiti wa icipe, Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na Rothamsted. Katika kituo cha Mbita, kando ya Ziwa Victoria, walikuwa wakipambana na viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Desmodiamu katikati ya mahindi inawafukuza nondo wanaotaga mayai ya viwavi hao, na nyasi za nepia pembeni zinawavuta. Halafu ikaonekana jambo ambalo halikuwa limeulizwa: penye desmodiamu, striga ilikuwa inapungua. Maabara ikaja baadaye kueleza kwa nini. Na kwa wakulima desmodiamu ilijibu swali jingine kabisa, la ng'ombe atakula nini. Shamba lilijibu zaidi ya lilivyoulizwa, kwa sababu kulikuwa na macho ya kuona.

Hadi hapo ni rahisi kushangilia. Lakini ukiutazama vibaya, msemo "jaribio linaloongozwa na mkulima" unaweza kuwa njia ya heshima ya kumsukumia maskini gharama ambayo zamani ilibebwa na kituo cha utafiti. Tunampa usukani, sawa. Mafuta ni yake pia?

Fikiria wanavyofanya madaktari. Azimio la Helsinki la 1964 linasema utafiti wa tiba kwa binadamu unahitaji ridhaa ya mtu anayeelewa hatari yake. Na kuna kanuni inayokubalika sana: ni halali kuwagawa wagonjwa makundi mawili ikiwa tu wataalamu kwa kweli hawajui tiba ipi ni bora. Shaka ndiyo inayohalalisha jaribio. Ushahidi ukielemea upande mmoja waziwazi, jaribio husimamishwa na kila mtu anapewa tiba inayofaa.

Sasa rudi Vihiga. Msimu wa kwanza, kipande kilichoonekana kama sadaka ni kile cha soya. Mahindi ya mvua fupi hayakuwepo pale, watoto hawakupenda soya za kuchemsha, na mnunuzi alikuja mara moja akatoweka. Mvua ndefu zilipofika hesabu iligeuka. Kipande kilichotangulia soya kilitoa gorogoro tisa za mahindi, kile kingine sita. Gorogoro moja ni kama kilo mbili, kwa hiyo tofauti ni ugali wa siku kadhaa kwa nyumba ile. Kuanzia hapo sadaka ikahama upande. Sasa kile kipande cha mahindi juu ya mahindi ndicho kilichokuwa kinamnyima.

Kwa kanuni ya madaktari angeacha. Lakini udongo haufanani na homa. Msimu mmoja hauthibitishi chochote, unahitaji mitatu, minne, zaidi. Striga ya miaka kumi haiishi kwa soya za msimu mmoja. Ndipo shida inapojificha: ili ajue vizuri, mkulima lazima aendelee kupanda vibaya muda mrefu baada ya kuanza kuamini kwamba anapanda vibaya. Shaka yake inapungua kila msimu na gharama yake inabaki ileile. Hakuna kamati ya maadili inayokuja kumwambia pole mama, inatosha.

Nilimwambia aachane nacho, apande soya kote. Alikataa.

"Nikikiondoa, mwaka wa mvua mbaya nitasema soya zimenidanganya. Mwaka wa mvua nzuri nitazisifu bure. Wacha kikae kiniambie ukweli."

Hiyo ni ridhaa, na ni ridhaa ya mtu anayeelewa. Lakini ridhaa inajibu swali la nani aamue, na linabaki la nani alipe. Mtu akikubali kubeba mzigo kwa hiari, bado mzigo una uzito, na kama wengine watakula kutokana na alichobeba, wana deni. Jibu la vipande vile halikai kwenye ploti yake. Majirani wanachungulia juu ya ua. Kijiji kikijua, mwishowe soko linajua, na mimi na wewe tunakutana na jibu hilo kwenye bei ya unga bila kujua lilitoka wapi.

Tena kuna wasioweza hata kutoa ridhaa yenye maana. Mwenzake mmoja wa chama alijaribu hivyohivyo kwenye shamba la kukodi. Misimu mitatu ya soya, samadi na chokaa. Mwenye shamba alipoona mahindi yalivyosimama, akasema asante, msimu ujao nitalima mwenyewe. Nitrojeni haitiwi kwenye gunia ukahama nayo. Wanawake wengi wanalima ardhi isiyo na jina lao, na kumwambia mtu kama huyo awekeze miaka mitano kwenye afya ya udongo ni kumwomba ajenge nyumba kwenye kiwanja cha mtu. Anayekodi kwa msimu akiendelea kukamua ardhi hana ujinga wowote. Amepiga hesabu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Swali liwe la yule atakayelala njaa jibu likiwa baya, kwa sababu yeye tu ndiye ana sababu ya kutosha ya kutojidanganya. Lakini hasara ya kulinganisha isiwe yake peke yake. Taasisi inayotaka matokeo ya shamba lake iandike kabla ya kupanda kwamba upungufu wa kipande cha kulinganisha utalipwa kwa mahindi au kwa pesa, na uhesabiwe kama gharama ya utafiti sawa na mafuta ya gari na posho za semina. Palipo na ardhi ya kukodi, mkataba wa miaka kadhaa uandikwe kabla mbegu ya kwanza haijaingia ardhini. Na mkulima awe huru kusema "sijaona tofauti" bila kuonekana ameiangusha ripoti.

Utaniambia ukimlipa unaharibu jaribio, atajitahidi kidogo au atadanganya ili alipwe zaidi. Inawezekana. Basi mlipe kwa kipimo kilichokubaliwa mapema, mbele ya majirani. Mbona watafiti tunawalipa mshahara bila kuogopa kwamba watadanganya? Wakati mwingine wanadanganya pia, na bado hatusemi wafanye kazi bure.

Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp nilipendekeza sisi tulio mjini tufidie zile gorogoro tatu kila mavuno. Binamu yangu akauliza, "Kwani si hiyo ni kumsaidia tu Senje, kama kawaida?" Nikamwambia hapana. Msaada unaweza kuukatiza ukiwa huna. Hii ni bei ya kitu tunachokipata. Ubishi ulienda siku mbili, watu wakatumiana emoji za hasira. Mwishowe Senje mwenyewe alituma sauti. Alisema msaada hautaki, malipo atapokea, na kwamba yahesabiwe kwa bei ya gorogoro ya mwezi wa tano, wakati hakuna mahindi, si ya mwezi wa nane wakati kila mtu anauza. Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria hilo. Bei ya njaa na bei ya mavuno ni vitu viwili tofauti, na anayejua hivyo ni yule anayenunua mwezi wa tano.

Sasa hivi ana swali jipya. Soya hazina mnunuzi wa kutegemewa na watoto bado wanazisukuma pembeni ya sahani, lakini karanga wanazila hata mbichi. Anataka kujua kama karanga zitafanya kazi ileile. Ameshachomeka vijiti vya kipande cha tatu na ametuuliza kama tuko tayari kulipia. Watatu tumejibu ndiyo. Binamu yangu ameusoma ujumbe, bado hajajibu.